Kulaza Teksha ya Ukuta wa Chokaa juu ya Picha ya Mbuyu

Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi inapovuma katika pwani ya Kenya na Tanzania, mara nyingi anga hufunikwa na wingu moja pana lisilo na mwanzo wala mwisho, na mpiga picha anayeielekeza kamera yake kwenye mbuyu uliopukutisha majani hupata mti mzuri uliosimama mbele ya kitu kinachofanana na karatasi tupu. Matawi yametoka sawasawa na shina limekaa mahali pake, lakini zaidi ya nusu ya picha ni weupe mtupu. Picha za namna hii ndizo zinazofaidika zaidi na teksha, na ndizo nilizoanzia mimi. Kwa hiyo mwongozo huu utaifuata picha moja ya mbuyu niliyoipiga Kilifi, tangu ilipotoka kwenye kamera hadi ilipochapishwa kwenye karatasi ya A3.

Teksha, kwa maana ninayoitumia hapa, ni picha ya pili inayoonyesha uso wa kitu bila kukionyesha kitu chenyewe: nyufa za lipu ya chokaa, nyuzi za tanga la jahazi, kutu ya bati, mistari ya ubao uliopigwa na jua kwa miaka mingi, mikunjo ya karatasi ya kale. Picha hiyo hulazwa juu ya picha ya mti, ndege au mto ndani ya programu ya kuhariri, kisha programu huelekezwa namna ya kuzichanganya hizo mbili ziwe moja. Ikifanywa vizuri, mtazamaji huhisi kwamba anga lina uzito na hewa ina mwili, bila kuuliza kilichofanyika. Ikifanywa vibaya, huona ukuta uliobandikwa juu ya mti. Teksha haiponyi picha iliyotikisika, wala haiipi kiini picha isiyokuwa nacho, kwa hiyo chagua kwanza picha ambayo ungekuwa tayari kuichapisha hata bila teksha.

Kupata teksha

Teksha za bure zimejaa kwenye intaneti, na mwenye haraka anaweza kuzitumia akishasoma masharti ya leseni, hasa kama anakusudia kuuza picha zake. Hata hivyo, ushauri wangu ni kupiga zako mwenyewe, na sababu haiishii kwenye haki miliki. Pwani yetu imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chumvi na unyevu huingia ndani ya kuta hizo, na chumvi inapoganda huisukuma lipu itoke kidogo kidogo, ikiacha madoa, nyufa na matabaka ya rangi za zamani ambayo hakuna fundi awezaye kuyaiga. Kuta za aina hii zipo Lamu, zipo Mji Mkongwe wa Zanzibar, na zipo katika magofu ya Gede karibu na Watamu, ambako mizizi ya miti imekumbatia mawe kiasi kwamba msitu na mji vimekuwa kitu kimoja. Teksha ya ukuta wa Gede juu ya mbuyu wa Kilifi ina ukoo na picha inayoifunika, kwani rangi zake za kijivu na manjano hafifu zimetokana na mwanga na hewa ileile. Nimejaribu teksha za kuta za nchi za baridi juu ya picha zetu, na mara nyingi rangi zake za samawati iliyopoa hugombana na mchanga na majani makavu.

Unapoupiga picha ukuta, simama ukiutazama uso kwa uso, kamera ikiwa sambamba nao, ili kingo zote ziwe na ukali uleule. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilisha, tundu la f/8 (uwazi wa lenzi wa wastani) na ISO 100 (usikivu mdogo wa kamera kwa mwanga) hufaa sana. Kwa simu, rudi nyuma hatua mbili na utumie lenzi ya kuvuta karibu badala ya lenzi pana, kwa sababu lenzi pana hupinda mistari ya pembeni. Jaza fremu yote na uso wa ukuta, bila dirisha, bila waya wa umeme, bila kivuli chako. Usiukwangue ukuta wala kuumwagia maji ili upendeze zaidi, kwani magofu hayo si mali ya picha yako.

Piga kila ukuta mara mbili. Mara ya kwanza uwe chini ya wingu au kivuli, ambapo mwanga ni laini na unachopata ni madoa na rangi. Mara ya pili uwe asubuhi au jioni, jua likiupitia ukuta kutoka ubavuni, ambapo kila ufa hutupa kivuli chake na uso wote huinuka. Ya kwanza hufaa kwa anga na maji, na ya pili hufaa kwa picha zenye ardhi, magome na miamba. Mbuyu wangu ulipewa ile ya kwanza.

Kuandaa picha mbili

Maelezo yafuatayo yanatumia GIMP, kwa sababu ni programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac. Mwenye Photoshop, au anayetumia Photopea ndani ya kivinjari chake, atakuta vitu vilevile kwa majina yaleyale au yanayokaribiana.

Kamilisha picha ya maumbile kwanza. Rekebisha mwangaza, ondoa madoa ya vumbi lililokaa kwenye kihisio cha kamera, na uinoe picha, yaani uiongezee ukali, kadiri unavyotaka, kwa sababu ukiinoa baada ya teksha kuingia utazinoa nyufa za ukuta pamoja na matawi, na nyufa ndizo zitakazoshinda. Kisha fungua teksha kwa amri ya «Open as Layers» iliyo kwenye menyu ya faili, nayo itakaa kama tabaka juu ya tabaka la mbuyu.

Angalia ukubwa. Picha ya kamera ya megapikseli 24 huwa na pikseli, yaani nukta ndogo zinazoiunda picha, 6000 kwa 4000, ilhali teksha ya simu ya megapikseli 12 ina 4000 kwa 3000, na ikivutwa hadi ifunike picha yote nyufa zake zitalegea na kupoteza ukali. Kwa anga laini hilo linavumilika. Kwa magome na mawe halivumiliki, kwa hiyo hapo utafute teksha kubwa zaidi. Angalia pia ukubwa wa nyufa zenyewe: ufa ulio mnene kama tawi utashindana na tawi, na jicho halitajua limfuate nani. Mimi hupenda ufa mnene kuliko yote uwe chini ya nusu ya tawi jembamba kuliko yote ninalotaka lionekane.

Mwisho wa maandalizi, punguza rangi ya teksha. Ukiiacha na rangi zake zote, picha nzima itachukua rangi ya ukuta. Ukiziondoa zote, itabaki kijivu kilichopoa. Kwa ukuta wa Gede niliacha kama robo ya rangi, kiasi cha kulitia anga joto la chokaa ya zamani.

Namna za kuchanganya, na kwa nini si zote zinazofaa

Juu ya orodha ya matabaka kuna menyu ya namna ya kuchanganya. Wengi huifungua na kujaribu jina moja baada ya jingine hadi wakutane na kitu kinachopendeza, lakini ukielewa hesabu iliyo nyuma ya majina matatu tu hutahitaji kubahatisha.

Kila pikseli ina namba za mwangaza, kuanzia 0 ambayo ni giza totoro hadi 255 ambayo ni weupe kamili. Namna inayoitwa «Multiply» huzidisha namba ya picha kwa namba ya teksha na kuigawanya kwa 255. Chukua anga langu lenye 240 na doa la ukuta lenye 180: jibu ni 169, yaani anga limeshuka kwa 71 na doa linaonekana waziwazi. Chukua sasa tawi jembamba lenye 30 chini ya doa lilelile: jibu ni 21, tofauti ya 9 tu, ambayo jicho haliioni. Hapo ndipo uzuri wa mbuyu usio na majani unapojitokeza, kwa sababu mamia ya vijitawi ambavyo hakuna mkono ungeweza kuvizungushia brashi vinajilinda vyenyewe kwa weusi wao, na teksha inakwenda moja kwa moja kwenye weupe uliokuwa mtupu. Kwa anga jeupe nyuma ya kitu cheusi, «Multiply» ndiyo njia, na sijaona sababu ya kutafuta nyingine.

Namna ya «Screen» ni kinyume chake: hung'arisha, na sehemu nyeusi za teksha hazifanyi lolote. Mimi huitumia kwa nadra, pengine kwa ukungu wa asubuhi katika milima ya Usambara, ambapo teksha ya karatasi yenye nyuzi nyeupe juu ya usuli mweusi huongeza uzito wa hewa kati ya miti.

Namna ya tatu, «Soft Light», ndiyo inayopendwa kuliko zote na ndiyo inayowachanganya wanaoanza. Sehemu za teksha zilizo angavu kuliko kijivu cha katikati, yaani 128, huiangaza picha, na zilizo na giza kuliko hapo huitia giza. Kijivu cha katikati chenyewe hakibadilishi kitu. Mambo mawili yanafuata. Kwanza, wastani wa teksha unapaswa kuwa karibu na 128, la sivyo picha nzima itang'aa au kufifia. Dirisha la histogramu, yaani grafu ya mwangaza wa picha, litakuonyesha wastani huo, na unaweza kuurekebisha kwa kusogeza kitelezi cha kati cha «Levels», kifaa cha kurekebisha mwangaza. Pili, namna hii haigusi weupe kamili wala weusi kamili. Mtu akilaza teksha kwa «Soft Light» juu ya anga lililoungua hadi 255, anaweza kuvuta vitelezi mchana kutwa bila ufa hata mmoja kuonekana, akidhani programu imeharibika. Ihifadhi kwa nyasi, maji, majani, mchanga na kila kilicho katikati ya giza na mwanga.

Baada ya kuchagua namna, punguza kiwango cha kuonekana cha tabaka. Anza na asilimia 100 ili uone teksha inafanya nini, kisha ishushe hadi 0, na uipandishe polepole hadi pale unapoitambua kwa mara ya kwanza. Mahali hapo, au juu yake kidogo, ndipo inapopaswa kukaa. Mbuyu wangu ulitulia kwenye asilimia 45.

Kuuondoa ukuta kwenye shina

Matawi membamba yalijilinda, lakini shina halikuweza. Gome la mbuyu ni la kijivu chenye mng'ao, lenye mwangaza wa kama 120, na chini ya doa la 180, teksha ikiwa kwenye asilimia 100, lilishuka hadi 85. Nyufa za chokaa zikapita juu ya mikunjo ya gome kana kwamba mti umepakwa lipu. Kitu chenye uhai kina uso wake wa asili, na uso wa ukuta ukiufunika, uhai wenyewe unatoweka.

Dawa yake ni barakoa ya tabaka, yaani kifuniko kinachoficha tabaka pale kilipopakwa weusi. Bofya kulia kwenye tabaka la teksha, chagua «Add Layer Mask», uichague nyeupe. Chukua brashi laini yenye kingo zinazofifia, rangi nyeusi, nguvu ya asilimia 30 hivi, na upake juu ya shina mara kadhaa badala ya mara moja kwa nguvu zote. Kila unapopita, teksha hupungua. Ukikosea, paka rangi nyeupe nayo itarudi. Kabla ya kupaka, hakikisha kijipicha cha barakoa ndicho kilichochaguliwa, kwa sababu kosa la kawaida kuliko yote ni kupaka weusi juu ya teksha yenyewe.

Sasa linakuja tatizo ambalo miongozo mingi hulipita. Ukishaiondoa teksha kwenye shina, umeondoa pia rangi yake na giza lake. Anga limekuwa na joto la chokaa, shina limebaki na rangi baridi ya wingu la kusi, na mti unaonekana kama umekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Nilihangaika na jambo hili kwa muda mrefu, nikipunguza barakoa hapa na kuiongeza pale, kabla ya kuelewa kwamba nilichotaka ni rangi ya ukuta bila nyufa zake.

Njia yake ni hii. Nakili tabaka la teksha pamoja na barakoa yake. Kwenye nakala, chagua picha ya teksha na si barakoa, kisha uififishe kwa «Gaussian Blur» hadi nyufa na madoa yote yayeyuke na kubaki wingu la rangi tupu. Kwa picha ya pikseli 6000 kwa upana, mimi hutumia pikseli 150 hadi 200. Halafu chagua barakoa ya nakala na uigeuze kinyume kwa amri ya «Invert», ili nakala ifanye kazi pale tu ambapo tabaka la kwanza limezuiwa. Acha namna ya kuchanganya na kiwango cha kuonekana kama vilivyo kwenye tabaka la kwanza. Shina hupata rangi na kina kilekile cha anga, lakini gome hubaki na mikunjo yake yenyewe, bila hata ufa mmoja wa Gede. Hatua hii huchukua dakika mbili, na kwangu ndiyo inayotenganisha picha iliyovikwa teksha na picha iliyozaliwa nayo.

Kama umetumia teksha iliyopigwa kwa jua la ubavuni, kagua pia upande wa mwanga. Kivuli cha kila ufa kinasema jua lilikuwa wapi. Ikiwa miamba yako imeangazwa kutoka kulia na nyufa zimeangazwa kutoka kushoto, mtazamaji atasumbuka bila kujua kinachomsumbua. Pindua tabaka la teksha, kushoto kuwe kulia, na shida itakwisha.

Ndege na maji

Nilijifunza kwa gharama kwamba baadhi ya viumbe havitaki teksha hata chembe. Niliwahi kumpiga mdiria akiwa ametua kwenye tawi la mkoko huko Mida, hori iliyo karibu na Watamu, nikailaza lipu juu ya usuli wa kijani nyuma yake, na kwa haraka nikaipitisha barakoa juu ya mwili wake kwa brashi kubwa mno. Kwenye skrini sikuona kasoro. Ilipochapishwa, madoa ya chokaa yalikuwa yamebaki kwenye manyoya meupe ya kifua, na kifua hicho kilionekana kama kimeota kuvu. Tangu siku ile, kila penye manyoya, macho, au ngozi ya mjusi, huivuta picha hadi asilimia 100 na kupaka weusi kamili kwenye barakoa, nikiufuata ukingo wa mwili kwa brashi ndogo.

Maji yenye taswira ya miti ndani yake yana udhaifu wa namna nyingine. Yanatambulika kuwa maji kwa sababu ya ulaini wake. Ukiyatia nyufa yanageuka sakafu. Kwa picha za mikoko wakati wa maji kujaa, teksha yangu huishia kwenye mstari wa maji, au huendelea chini yake kwa kiwango kisichozidi asilimia 10.

Wanaofanya kazi kwa simu wanaweza kufanya sehemu kubwa ya haya kwa Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha. Kifaa chake cha «Double Exposure» huongeza picha ya pili juu ya ya kwanza. Chagua namna ya «Darken» kwa anga jeupe au «Overlay» kwa rangi za katikati, kisha urudi kwenye orodha ya mabadiliko uliyofanya, ufungue brashi, na upake teksha pale tu unapoitaka. Hila ya nakala iliyofifishwa ni ngumu kuifanya humo, na hiyo ndiyo sababu picha za kuchapisha mimi huzipeleka kwenye kompyuta.

Picha iliyowekewa teksha si ushahidi tena wa kile kilichokuwa mbele ya lenzi, na anayeiona ana haki ya kujua hivyo. Mashindano ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa na Natural History Museum ya London hayaruhusu kuongeza kitu ambacho hakikuwemo kwenye picha ya awali, na picha zinazotumwa kwa ajili ya kutambua spishi hazifai kuguswa kabisa. Hifadhi faili halisi mbali na faili iliyohaririwa, na chini ya picha unayoionyesha andika kwamba imechanganywa na teksha. Maneno matano yanatosha.

Kuhifadhi na kuchapisha

Hifadhi kazi yako kwa XCF, muundo wa faili wa GIMP yenyewe, ili matabaka na barakoa zibaki, kwa kuwa utarudi kuzirekebisha. JPEG hukandamiza kila kitu kuwa tabaka moja. Kabla ya kuhamisha faili ya kuchapisha, fanya majaribio mawili. Punguza picha kwenye skrini hadi iwe ndogo kama stempu: kama bado unaona ukuta kabla ya kuuona mti, teksha imezidi. Kisha zima na uwashe jicho la tabaka la teksha mara kadhaa. Kama huoni tofauti, liondoe tu, na kama unashtuka, lipunguze.

Karatasi ya A3 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4961 kwa 3508, kwa hiyo picha ya megapikseli 24 inatosha bila kukuzwa. Omba kipande cha majaribio kwanza, kwa sababu karatasi haina taa nyuma yake, na madoa yaliyoonekana mepesi kwenye skrini hutoka mazito. Chapisho la kwanza la mbuyu wangu lilikuwa na anga la mawingu ya mvua. Nilirudi kwenye faili, nikashusha teksha kutoka asilimia 45 hadi 32 pamoja na nakala yake iliyofifishwa, nikainua mwangaza wa picha kidogo, na la pili likatoka nililolitaka: ukiwa upande wa pili wa chumba unaona mti na wingu la kusi, na nyufa za Gede huanza kuonekana umebakiza hatua moja kulifikia.